Safari ya Mama Mwenye Mimba

Mama mpendwa, labda una mimba na unafikiri safari. Unataka kwenda sokoni, au matangani, au hospitali kupimwa. Wengine wanakuambia, "Usipande motokari, njia mbaya itatoa mimba." Wengine wanasema, "Mimba si ugonjwa, panda tu." Sikiliza sasa mambo yaliyo kweli, ili uende na kurudi salama.

Mtoto tumboni anakaa katika maji, na maji hayo yanapunguza mtikisiko. Tena katika miezi 3 ya kwanza tumbo la uzazi lingali limefichwa kati ya mifupa ya nyonga. Kwa hiyo mtikisiko wa kawaida wa njia hautoi mimba iliyo nzima. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi ile zinatoka kwa sababu mtoto hakuumbika vizuri tangu mwanzo, si kwa sababu mama alisafiri. Lakini kuna mambo 3 yenye hatari ya kweli: pigo, kukaa sana, na kuchelewa.

1. Pigo. Motokari ikigonga kitu, au pikipiki ikianguka, kondo laweza kubanduka tumboni. Kondo ndilo linalompa mtoto chakula na hewa. Likibanduka, mtoto anaweza kufa, na mama anaweza kupoteza damu nyingi. Mara nyingine damu hiyo inabaki ndani, haionekani nje.

Basi, ukipanda motokari, funga mkanda. Usiogope kwamba utambana mtoto. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mapaja na nyonga. Sehemu ya juu ipite kati ya maziwa na kando ya tumbo. Usipitishe mkanda juu ya tumbo lenyewe. Kama wewe ndiwe dereva, sogeza kiti nyuma, kifua chako kiwe mbali na usukani sentimeta 25, yaani shubiri moja na zaidi kidogo. Katika basi, keti katikati, kwa sababu nyuma kunarusha sana. Usipande juu ya mizigo ya motokari kubwa.

Pikipiki ni hatari zaidi, hasa tumbo likiwa kubwa. Ikiwa hakuna njia nyingine, vaa kofia ya chuma, kaa peke yako nyuma ya dereva, na mwambie aende polepole. Penye daraja bovu au mlima wenye utelezi, shuka, utembee.

Je, umeanguka au umegongwa tumboni, wala huna kidonda? Fika hospitali siku ile ile. Usingoje kuona damu.

2. Kukaa sana. Wakati wa mimba damu inaganda upesi, na tumbo linabana mishipa inayotoka miguuni. Ukikaa saa nyingi bila kusimama, damu yaweza kuganda ndani ya mguu. Bonge lile likipanda mpaka mapafuni, linaweza kuua. Kwa hiyo kila saa 2 omba dereva asimame, utembee kidogo. Ukiwa kitini, zungusha nyayo zako. Kunywa maji, wala usijinyime kwa kuogopa kukojoa njiani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafula, nenda kwa mganga mara moja.

3. Kuchelewa. Hili linaua mama wengi. Njia ya Bukavu mpaka Kamituga haifiki kilometa 200, lakini wakati wa mvua motokari zinaweza kukwama siku nyingi matopeni. Uchungu wa kuzaa haungoji motokari itolewe matopeni. Kama nyumba yako ni mbali, njoo mapema katika mwezi wa 9, ukae karibu na hospitali, kwa ndugu au katika nyumba ya kungojea uzazi. Zaidi sana ikiwa ulipasuliwa zamani, au una mapacha, au ulitokwa na damu nyingi ulipozaa mbele.

Baba, maneno haya ni yako pia. Weka akiba ya nauli tangu sasa. Patana na dereva kabla ya siku ile, ujue namba ya simu yake. Mkeo asisafiri bila karatasi yake ya mimba, hata kama ni safari fupi, maana humo mganga mgeni atasoma hali yake na aina ya damu yake.

Mama, ukiona damu, au maji yakitoka, au kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, au tumbo likiwa gumu na kuuma, au mtoto akiacha kucheza, acha safari nyingine zote. Nenda hospitali iliyo karibu, hata usiku. Kutembelea ndugu kunaweza kungoja mpaka umezaa. Safari ya hospitali isingoje.