Bibi Harusi Kaingia Giza, Mchawi Filta!

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi, tuongee kamera. Ingawa hata hili nusura linitenganishe na mshikaji wangu wa siku nyingi.

Mshikaji alikuwa anaoa, akaniomba nimpige picha za ufukweni, pale Coco Beach. Nikabeba kamera yangu ya zamani ya mkanda, isiyojipimia mwanga, na kipima mwanga cha mkononi. Tena nilikuwa na kitu kipya: filta ya polaraiza, ile unayoizungusha mpaka mng'ao wa maji unapungua na mbingu inakolea bluu. Basi nikajiona fundi! Kipima kikanipa shata 1/250 na tundu f/8. Nikapiga mkanda mzima, picha 36.

Weee, subiri mkanda usafishwe! Suti ya bwana harusi nyeusi tii, huoni kifungo wala mfuko. Bibi harusi naye kama kasimama chini ya mwembe saa moja usiku. Mshikaji alininunia miezi miwili.

Kosa lilikuwa langu. Kipima nilikishika mkononi, filta iko kwenye lenzi, wala havijuani. Na polaraiza inakula stopu moja na nusu hadi mbili. Ikila mbili, mwanga unaofika kwenye mkanda ni robo tu. Nilitakiwa nishushe shata hadi 1/60, au nifungue tundu hadi f/4. Basi, ni hivyo tu!

Filta nyingi zina namba yake. Ya njano kwa kawaida ni 2, yaani stopu moja. Ya chungwa 4, stopu mbili. Nyekundu iliyokolea 8, stopu tatu. Ile ya UV haikudai kitu. Ukivalisha mbili kwa pamoja, namba zinazidishwa, hazijumlishwi: 2 mara 4 ni 8. Huijui namba? Weka filta mbele ya jicho la kipima, uone kinashuka kiasi gani.

Ninyi wa dijitali msicheke. Kamera yako inapima kupitia lenzi, kwa hiyo filta imeshaiona. Ukiongeza tena mwanga kwa hesabu yako, umelipa nauli mara mbili, na shela litatoka jeupe pe bila hata ua moja. Ila kama ulipanga shata na tundu kwa mkono kabla ya kuvalisha filta, hapo deni ni lako.

Na zile nyeusi za kulainisha mawimbi, za stopu 10? Shata ya 1/125 inageuka sekunde 8! Stendi ni lazima, na upime na kulenga kabla ya kuivalisha, maana ikishakaa huoni kitu.

Mshikaji? Tulirudi ufukweni tukapiga upya. Suti na shela vilikuwa vya kukodi, na safari hii kodi nililipa mimi.