Kutoa ngoma na kufunga diski nyuma kwa spea za mtumba: yaangalie haya kabla hujamlipa fundi

Leo naomba tuache kidogo mbolea na mbegu. Msimu huu huku Uporoto, nikifika shambani swali la kwanza sio bakajani, ni breki.

Naelewa kwa nini. Wengi wenu mmeanza biashara na gari dogo, Forester au Impreza ya mtumba. Viti vya nyuma vinalazwa, trei za mayai au kreti za nyanya zinapangwa hadi dirishani, safari ya sokoni inaanza. Kwenye mteremko pedali inaanza kuzama na harufu ya kuungua inaingia ndani. Ukifika gereji unaambiwa, "Bosi, tutoe hizi ngoma za nyuma nikufungie diski, kuna gari limekatwa hapa, spea zote zipo."

Inawezekana, na ikifanywa vizuri ni kazi nzuri. Ila mara nyingi inafanywa nusu.

Kwanza tuelewane shida iko wapi. Chukua gari ambalo pamoja na mzigo na watu lina kilo 1,800, lishushe mita 500 za kimo kwa kukanyaga breki tu. Joto litakalozalishwa linatosha kupasha lita 26 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Joto hilo lote linaingia kwenye vyuma vinne vidogo. Ngoma ikipata moto inatanuka na kuzikimbia breki shuu, ndiyo maana pedali inakwenda chini. Diski ikitanuka haizikimbii pedi, tena inapigwa na upepo, na ikipita kwenye maji inakauka haraka. Ngoma ikiingiwa na tope inakaa nalo.

Lakini kazi kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na breki za mbele. Kama mafuta ya breki hayajabadilishwa miaka mitatu, diski za nyuma hazitakuokoa. Mafuta haya yananyonya unyevu. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, pedali inagusa sakafu. Kwa hiyo badilisha mafuta, kagua pedi za mbele, angalia kama wili silinda za nyuma zinavuja na kama vile vikaza-shuu ndani ya ngoma havijaganda kwa kutu. Halafu shuka mlima na gia namba 2. Wengi mkifanya hayo mtagundua kwamba ngoma zenu zinatosha, na hela ya diski mtanunulia mbegu.

Kama bado unataka diski, chukua spea kutoka gari ndugu. Forester za kizazi cha kwanza, zile za 1997 hadi 2002, nyingine zilitoka kiwandani na ngoma nyuma na nyingine na diski. Hapo huhitaji kuchomelea chochote. Rimu ni zilezile za nati tano kwenye duara la milimita 100, ingawa lazima ujaribishe zote, hata tairi ya spea, maana kalipa inaweza kugusa rimu ndogo.

Usinunue kalipa na diski peke yake. Nunua mkono mzima: kile chuma kinachobeba habu, beringi ikiwa ndani, bamba lake la nyuma, kalipa na mabano yake, diski, na kebo za handibreki, kulia na kushoto. Bamba limekaa nyuma ya habu. Fundi akitaka kulihamisha peke yake itabidi habu ivutwe kwa presi, na beringi ikishavutwa hivyo mara nyingi imekufa.

Handibreki ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Kwenye Subaru hizi diski ya nyuma ina kingoma kidogo katikati, na ndani yake kuna shuu ndogo za handibreki tu. Nimeona gari lililofungwa kalipa za mbele za gari lingine kule nyuma. Kwa macho, safi kabisa. Handibreki hakuna. Mwenye gari alikuwa anatembea na jiwe, kila akipakia mlimani kijana wake anakimbia kuliweka chini ya tairi. Hilo gari mimi sipandi.

Jambo la pili halionekani kwa macho: vali ya kugawa presha. Breki za ngoma na za diski hazihitaji presha sawa, na kalipa inakula mafuta mengi kuliko wili silinda. Chukua masta silinda na vali kutoka gari lilelile lililotoa diski. Kama gari moja lina ABS na lingine halina, tafuta gari lingine la kukatia spea.

Na hapa mkulima ana tatizo ambalo mtu wa mjini hana. Kwenda sokoni umebeba, nyuma ni nzito, breki zinakubali. Kurudi ni usiku, gari tupu, mvua. Kama nyuma breki ni kali kupita kiasi, tairi za nyuma zitajifunga kabla ya za mbele na mkia wa gari utakuja kukusalimia dirishani. Ulisifiwa asubuhi, jioni uko mtaroni.

Vitu vya kununua vipya, bila ubishi: pedi, shuu za handibreki, mipira ya mafuta ya breki, na sili za ndani ya kalipa. Diski ya mtumba ipimwe unene. Kiwango cha chini kabisa kimegongwa kwenye diski yenyewe. Baada ya kufunga, angalia nipo za kutolea upepo. Lazima ziwe juu. Zikiwa chini, fundi amebadilisha kalipa ya kulia na kushoto, na upepo hautatoka hata akikanyaga pedali hadi Jumapili.

Siku ya kuchukua gari, nenda mahali pa wazi pasipo na watu. Gari likiwa tupu, kimbia kilomita 40 kwa saa, kanyaga kwa nguvu, na mtu asimame pembeni aangalie. Za mbele ndizo zianze kujifunga. Rudia barabara ikiwa imemwagiwa maji. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, simamisha gari kwenye mwinuko, vuta handibreki, toa gia, achia pedali. Likisogea, fundi hajamaliza kazi, na malipo ya mwisho yabaki mfukoni kwako.

Baada ya kama kilomita 200, rudi akaze bolti tena na kutoa upepo upya. Siku hiyohiyo, ukitoka mteremkoni, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa moto kupita mwenzake wa upande wa pili, kalipa hiyo inang'ang'ania.