Paka analia usiku? Si uchawi, anataka dume!

Juzi usiku hapa Msimbati jirani kanigongea mlango. "We dada, huyo paka wako mgonjwa au katumwa?" Wala! Chausiku wangu alikuwa anajigaragaza sakafuni, kiuno juu, mkia pembeni, analia kama mtoto mchanga. Keshakuwa mwari, anataka dume.

Hali hiyo huchukua kama wiki moja. Asipopandwa, hurudi tena baada ya wiki 2 au 3. Usimchape. Usimpe vidonge vyako vya uzazi, wala Panadol, maana Panadol inaua paka. Funga mlango na madirisha, mchezeshe, mpe dagaa wake, vumilia.

Wangu kanizidi ujanja, katoka dirishani! Sasa nahesabu siku: mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65. Kwenye wiki ya 3 chuchu huvimba na kuwa nyekundu. Hapo muongezee chakula, usimbonyeze tumbo, muandalie boksi lenye khanga kuukuu mahali penye utulivu.

Linaloniuma ni moja. Kuna wenzetu husubiri wazaliwe, halafu watoto wanatiwa kwenye kiroba na kutupwa ufukweni. Jamani, kosa la nani? Na mama anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha! Tafuta mapema watu wa kuwachukua, na akishaachisha, muone daktari wa mifugo amfunge kizazi.

Shoga yangu, kelele za wiki moja ni nafuu kuliko kile kiroba.