Magugu ya Uwanjani: Dawa au Udongo?



Kila mwaka mvua za kwanza zinapotunyeshea hapa Bujumbura, kwenye Septemba au Oktoba, katika shule zenye viwanja husikika neno lile lile: magugu yamerudi. Wengine husema, "Tununue dawa, tuyapulizie, tumalize kazi." Wengine hujibu, "Dawa ni sumu. Tutie mbolea, udongo ukipona, magugu yatatoweka yenyewe." Nimeyasikia mabishano haya mara nyingi, na kila upande husema kana kwamba upande wa pili hauna akili. Mimi nataka kuzieleza njia zote mbili, nguvu zake na udhaifu wake, ili siku ya kuchagua tujue tunachagua nini.

Gugu ni nini?

Hakuna ukoo wa mimea uliozaliwa kuwa magugu. Gugu ni mmea wowote uliootea mahali usipotakiwa. Ukoka, ambao twaupenda sana uwanjani, ni adui mkubwa katika shamba la maharagwe. Tena yafaa kujua ya kuwa ukoka mzito wenye afya hufunika ardhi kama mkeka. Mbegu ya gugu ikianguka juu yake haipati jua wala pa kutia mzizi. Basi magugu mengi huingia mahali palipokwisha kuwa wazi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza tutayaua kwa nini, tuulize nafasi ile waliifungua nani.

Tazama kiwanja cha mpira. Mbele ya magoli, mahali panapokanyagwa kila siku, mara nyingi utaona ulezi-mwitu, ndugu wa ulezi tunaoupikia uji. Mmea huu huvumilia udongo ulioshindiliwa hata ukakosa hewa, na ukoka hushindwa hapo. Mahali palipokatwa chini mno hata ardhi ikaonekana, hutambaa mziwaziwa. Mahali panapotuama maji, ndago hustawi. Na pale udongo ulipopungukiwa na naitrojeni, mimea midogo ya jamii ya kunde huzidi, maana mizizi yake ina vifundo vyenye bakteria ambao huichukua naitrojeni hewani na kuufanya mmea usiwe na haja kubwa ya kuitafuta udongoni. Kwa hiyo magugu ni mashahidi. Mwenye kuwatazama vizuri hupata habari za udongo wake bure.

Njia ya dawa

Dawa za kuua magugu zinazotajwa zaidi ni za namna mbili. Ya kwanza ni 2,4-D, iliyogunduliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kuanza kuuzwa mara vita vilipokwisha. Dawa hii huigiza kichocheo kinachoongoza kukua kwa mmea. Gugu la majani mapana likiipata hukua bila taratibu, shina hujipinda, majani hukunjamana, kisha hufa. Mimea ya jamii ya nyasi huivumilia, na ndiyo sababu ya kupendwa kwake: waweza kupulizia kishonanguo kilicho katikati ya ukoka, kishonanguo kife na ukoka ubaki.

Ya pili ni glaifosati. Mwaka 1970 mwanakemia John Franz wa kampuni ya Monsanto ya Marekani aligundua ya kuwa yaua mimea, na mwaka 1974 ikaanza kuuzwa kwa jina la Roundup. Hiyo haichagui. Huingia kwa majani, hushuka mpaka mizizini, na huzuia mmea usitengeneze vitu unavyovihitaji ili uishi. Ukiipulizia uwanja mzima, gugu na ukoka vyote hukauka.

Nguvu ya dawa ni upesi. Mtu mmoja mwenye bomba mgongoni hufanya kwa asubuhi moja kazi ambayo darasa zima lingeifanya kwa majembe siku nyingi. Asiyekiri hilo hasemi kweli.

Lakini udhaifu wake nao si mdogo. Kwanza, dawa huliondoa gugu bila kuiondoa sababu. Ulezi-mwitu ukifa mbele ya goli, udongo hubaki mgumu vile vile, na sasa uko uchi kabisa. Mvua ikinyesha, mbegu nyingine zilizolala humo huota. Pili, magugu hujifunza kuishi na dawa. Katika miaka ya 1990, huko Malaysia, ulezi-mwitu huu huu ulionekana kuishinda glaifosati katika mashamba yaliyokuwa yakipuliziwa mara kwa mara: iliyo dhaifu ilikufa, michache iliyovumilia ikazaa, na watoto wao wakarithi uvumilivu.

Tatu, dawa haikai mahali ulipoiweka. Upepo wa jioni kutoka ziwani waweza kuichukua 2,4-D mpaka kwenye nyanya au mipapai ya jirani, na mimea hiyo hudhurika hata kwa kiasi kidogo. Mvua nayo huipeleka bondeni. Mji wetu umekaa kwenye mteremko: Ntahangwa, Muha na Kanyosha yote huteremkia Ziwa Tanganyika. Katika ziwa hilo twavua ndagala na mukeke, na humo ndimo yanamotoka maji mengi ya bomba tunayoyanywa mjini. Lina kina cha mita 1,470, na maji yake hutoka polepole sana kwa mto Lukuga. Kilichoingia hukaa muda mrefu.

Nne, kuna afya ya watu. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka glaifosati katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani kwa binadamu. Wakaguzi wa serikali ya Marekani na wa Umoja wa Ulaya hawakukubaliana nalo. Ubishi huo ni wa wataalamu, lakini juu ya dawa nyingine hakuna ubishi: parakwati, ambayo huunguza majani kwa muda mfupi, haina dawa ya kuiponya, na funda moja laweza kumwua mtu mzima. Umoja wa Ulaya umeikataza tangu 2007. Mtu akikuletea dawa ndani ya chupa ya soda, isiyo na jina wala maandishi, usiipokee kwa bei yoyote.

Njia ya udongo

Njia ya pili husema: lisha ukoka, legeza ardhi, na ukoka wenyewe utapigana vita. Ushahidi wa kale wa jambo hili uko mbali, huko Rothamsted, Uingereza. Mwaka 1856 mabwana Lawes na Gilbert waligawa malisho ya zamani vipande vipande, wakakipa kila kipande chakula chake. Hawakupanda mbegu mpya. Kazi hiyo inaendelea hata leo. Vipande visivyopewa kitu vina mimea ya aina zaidi ya 30. Vilivyopewa potashi na fosfati bila naitrojeni vilijaa mimea ya jamii ya kunde. Vilivyopewa salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka, udongo wake uligeuka kuwa mchachu, na aina chache tu za nyasi zikabaki. Hapo twaona ya kuwa udongo ndio unaochagua nani akae na nani aondoke.

Lakini twaona na jambo jingine: mbolea si baraka kwa kila hali. Ikitiwa ovyo huharibu, tena gugu nalo hula. Samadi mbichi ya ng'ombe huja na mbegu za magugu ndani yake. Ni lazima ioze kwanza katika lundo linalopata joto la nyuzi 55 au zaidi, ligeuzwe mara kwa mara ili mbegu zife. Kadhalika chokaa: rafiki yako aliye Mugamba aweza kuihitaji, kwa kuwa udongo mwingi wa milimani ni mchachu. Udongo wetu wa Imbo uliletwa na mito na ni tofauti. Usinunue chokaa kabla udongo haujapimwa. Taasisi ya utafiti wa kilimo, ISABU, hufanya kazi ya namna hiyo.

Kupima ugumu hakuhitaji mtaalamu. Twaa kopo lililotobolewa juu na chini, lipigilie kidogo ardhini, ulijaze maji, uhesabu dakika mpaka maji yaishe. Fanya hivyo mbele ya goli, kisha kwenye kona ambapo watu hawapiti. Tofauti utakayoiona itakufundisha kuliko makala hii.

Udhaifu wa njia hii ni kukawia. Hutaona matunda yake kabla ya majira moja au mawili ya mvua. Na lipo gugu moja lisilosikia: ndago. Hilo lina viazi vidogo vilivyoungana chini kama shanga. Ukivuta majani, viazi hubaki. Udongo mzuri huliongezea nguvu, na 2,4-D hailiwezi. Glaifosati huua kiazi chenye majani, lakini vile vilivyolala hubaki salama. Kinachoichosha ndago ni kung'olewa kila baada ya majuma mawili au matatu, kabla haijatengeneza viazi vipya, na kivuli cha ukoka mzito juu yake.

Tufanyeje basi?

Maoni yangu ni haya. Udongo uwe kazi ya kila mwaka, na dawa iwe ya mwisho, kwa gugu moja moja lililoshindikana, isitumiwe kwa uwanja mzima. Ikibidi kutumiwa, mpuliziaji awe mtu mzima aliyefunzwa, mwenye buti na mifuko ya mikono, siku isiyo na upepo wala mvua. Wanafunzi wasiingie mpaka muda ulioandikwa upite, na majani yaliyopuliziwa wasipewe mbuzi. Na lililo kubwa: popote gugu linapokufa, pandikiza ukoka hapo bila kukawia. Anayeua bila kupanda huwafungulia nafasi magugu ya mwaka ujao.

Kazi hii haitushindi. Eneo dogo la mbele ya goli lina upana wa mita 18.32 na kina cha mita 5.5, yaani kama mita za mraba 100. Mboji iliyochekechwa, ikitandazwa kwa unene wa sentimita moja, ni mita moja ya ujazo. Kwa magoli mawili ni mbili. Toroli la lita 60 litakwenda mara 34 hivi. Darasa moja laweza kuimaliza Jumamosi moja. Kwanza ardhi ichomwe kwa uma wa shamba ili hewa iingie, mboji ifuate, kisha vipande vya ukoka vipandwe mvua zinapoanza, na magoli yahamishwe kwa muda ili ukoka ushike. Tukikata majani, tusiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake, na kiangazi cha Juni mpaka Agosti tusiyakate chini kabisa.

Kaka zetu mliosoma zamani huuliza mara kwa mara mtuchangie nini. Wengine wamependekeza madebe ya dawa. Twashukuru kwa nia hiyo. Lakini kama mngeniuliza mimi, ningeomba matoroli mawili, uma nne za shamba, na gari moja la pumba za mpunga kutoka Imbo ili tuanze lundo la mboji sasa, lipate kuiva kabla ya mvua. Wadogo zetu wanaocheza peku watakanyaga tulichokiweka.

Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo.