Mkuu Aliyevunja Komeo

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hata hivyo, kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani iliongozwa na manahodha wawili kwa miaka mingi, nayo ilisonga mbele.

William Hewlett na David Packard, marafiki waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Stanford, waliianzisha mwaka 1939 katika banda la kuwekea gari mjini Palo Alto, California, kwa mtaji wa dola 538. Walirusha sarafu kuamua jina la nani litangulie. Wakaanza kuunda mitambo ya kupimia sauti.

Vita Kuu ya Pili ilipomwita Hewlett jeshini, Packard alibaki kuendesha kazi. Alikataa kujilipa mshahara unaozidi ule aliopata mwenzake jeshini.

Katika ujana wake Packard aliwahi kuajiriwa na kampuni kubwa iliyolinda vifaa vyake kwa ukali. Aliona jinsi wafanyakazi walivyoiba makusudi, kwa kuwa walikwisha kudhaniwa kuwa wezi. Kwa hiyo katika kampuni yao bohari ziliachwa wazi. Siku moja ya mwisho wa juma Hewlett alifika kutafuta kifaa, akakuta bohari imefungwa. Akavunja komeo, kisha akaacha barua akiagiza isifungwe tena.

Imani hiyo ilipimwa mwaka 1970. Biashara ilidorora, na Packard alikuwa Naibu Waziri wa Ulinzi mjini Washington. Ilibidi gharama zipungue. Badala ya kuwaachisha watu kazi, Hewlett aliamua kwamba wote, wakubwa kwa wadogo, wapunguziwe asilimia 10 ya mshahara na wapumzike siku moja ya kazi katika kila majuma mawili. Baada ya miezi kama sita biashara ilirejea, na mafundi wote walikuwapo. Mwaka 1972 kampuni ilitoa kikokotozi cha HP-35, ambacho Hewlett alitaka kienee katika mfuko wa shati. Kiliuzwa kwa dola 395. Wataalamu wa soko walihofia bei hiyo, lakini katika mwaka wa kwanza viliuzwa zaidi ya 100,000.

Packard alifariki mwaka 1996, na Hewlett mwaka 2001. Mwaka 2002 viongozi waliowafuata waliiunganisha kampuni na Compaq, na maelfu wakapoteza kazi. Mwaka 2015 iligawanywa kuwa kampuni mbili. Desturi njema hairithiwi pamoja na majengo. Hufundishwa kila siku.

Somo hili halihusu viwanda pekee. Afisa anayevumilia shida pamoja na askari wake hufuatwa hata usiku wa giza. Na mzazi anayefungia kabati la sukari ajiulize: je, anamzuia mtoto kuiba, au anamfundisha?