Je, Wajua? Shakespeare Aliigizwa Mchana Kweupe

Je, wajua kwamba Falstaff, yule mzee mnene wa Shakespeare anayependa pombe na wake za watu, aliwahi kusema Kiswahili jijini London kwa kinywa cha mwana wa Ruvuma? Ilikuwa Aprili 2012. Ukumbi wa Globe, ulio kando ya mto Thames, uliita makundi ya maigizo kutoka pande zote za dunia: tamthilia 37 kwa lugha 37. Sudan Kusini walikwenda na Kiarabu cha Juba. Kiswahili kiliwakilishwa na kundi lililotoka Kenya, na igizo lao liliitwa "Wanawake wa Heri wa Winsa". Falstaff alikuwa Mrisho Mpoto, Mjomba wetu wa mashairi ya kughani.

Waigizaji walikuwa wachache, kwa hiyo baadhi walibeba nafasi zaidi ya moja. Jukwaa lilikuwa la mbao tupu, lenye nguzo mbili, na watu wamesimama pande tatu wakiwatazama ana kwa ana. Ndivyo Globe inavyotaka. Ukumbi ule ulijengwa makusudi ili maigizo ya Shakespeare yachezwe kama yalivyochezwa enzi zake, miaka 400 iliyopita.

Msomaji wa huku kwetu Namswea, mkoani Ruvuma, hahitaji maelezo marefu hapo. Ngoma ya mganda huchezwa mchana uwanjani, wanaume kwenye mistari yao, ngoma kubwa ikipigwa na vibuyu vikilia mithili ya tarumbeta, na watazamaji wamezunguka. Mchezaji anamwona shemeji yake pembeni, na shemeji anajua kwamba ameonekana. Akina mama wakiingia na ngoma yao ya kioda, hali ni hiyo hiyo. Hakuna giza la kumficha mtazamaji, hivyo naye anakuwa sehemu ya mchezo. Waingereza walikuwa na jambo hili, wakalipoteza, kisha wakatumia miaka mingi na mali nyingi kulirudisha.

Je, wajua kwamba Globe ya kwanza ilijengwa kwa mbao zilizobomolewa wakati wa sikukuu? Kundi la Shakespeare lilikuwa na ukumbi mwingine kaskazini ya jiji, uliojengwa mwaka 1576. Mkataba wa kiwanja ulipokwisha, mwenye ardhi alikataa kuelewana nao. Desemba 28, 1598, siku tatu baada ya Krismasi, ndugu wawili wa ukoo wa Burbage pamoja na fundi seremala Peter Street waliubomoa, kwa hoja kwamba ardhi ni ya bwana yule lakini mbao ni zao. Mbao hizo zilivushwa mto Thames, na mwaka 1599 Globe ikasimama.

Juni 29, 1613, katika igizo la mfalme Henry wa Nane, mzinga ulifyatuliwa kumkaribisha mfalme jukwaani. Cheche ikashika paa la nyasi. Ukumbi wote uliteketea, lakini watu walitoka salama. Aliyeandika habari hizo wakati ule anasema bwana mmoja suruali yake ilishika moto, akauzima kwa bia aliyokuwa nayo. Mwaka uliofuata walijenga upya, safari hii kwa vigae. Mwaka 1642 Bunge lilipiga marufuku maigizo, na muda mfupi baadaye jengo likabomolewa.

Mtu aliyeirudisha Globe hakuwa Mwingereza. Sam Wanamaker, mwigizaji wa Marekani, alifika London mwaka 1949 akitafuta mahali pa Shakespeare, akakuta kibao tu kwenye ukuta wa kiwanda cha bia. Mwaka 1970 alianzisha taasisi ya kuujenga upya ukumbi huo. Alifariki mwaka 1993 kabla kazi haijaisha, na ukumbi ukafunguliwa rasmi mwaka 1997.

Je, waliujuaje umbo lake, ikiwa ramani ya jengo haikubaki? Waliunganisha vipande. Kulikuwa na mchoro wa ukumbi jirani, Swan, uliochorwa na mgeni kutoka Uholanzi karibu na mwaka 1596. Kulikuwa na mkataba wa mwaka 1600 wa kujenga ukumbi wa Fortune, uliopewa fundi yule yule Peter Street, ambao unataja jukwaa la upana wa futi 43 na mara kadhaa unaagiza kazi ifanywe "kama Globe". Kisha mwaka 1989 wachimbaji walifukua misingi ya ukumbi wa Rose, na baadaye mwaka huo huo sehemu ndogo ya misingi ya Globe yenyewe. Mbao ni za mwaloni, zimeunganishwa kwa vigingi vya mti. Paa ni la matete, na tangu moto mkubwa wa mwaka 1666 hilo ndilo jengo la kwanza kuruhusiwa kuezekwa hivyo jijini. Wazee wetu wa kuezeka wangeikubali kazi ile, ingawa wangeshangaa kuona mabomba ya kuzimia moto yametokeza kwenye matete.

Kadiri watafiti wanavyotafuta namna ya kale ya kuigiza, ndivyo wanavyogundua kwamba jengo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kazi ya mwigizaji, na hapa ndipo mambo yanaponoga.

Mwigizaji wa enzi zile hakupewa kitabu kizima. Alipewa karatasi nyembamba zilizogundishwa moja chini ya nyingine zikawa kunjo refu, na ndani yake mlikuwa na maneno yake peke yake. Maneno ya wenzake hayakuwamo, ila yale mawili matatu ya mwisho kabla ya zamu yake, yaliyotanguliwa na mstari mrefu wa wino. Kunjo moja la namna hiyo lingali limehifadhiwa katika chuo cha Dulwich, London. Lilikuwa la Edward Alleyn, mwigizaji nyota wa ukumbi wa Rose. Sasa fikiria: unasimama jukwaani, hujui mwenzako atasema kwa muda gani, wala kama anakupenda au anakuchukia. Unachojua ni kwamba ukisikia maneno mawili fulani, ni zamu yako. Itakubidi usikilize kwelikweli. Sababu za utaratibu huo zilikuwa za kawaida: kunakili kwa mkono ni kazi, kitabu kizima ni rahisi kuibiwa, na kundi lilicheza igizo tofauti karibu kila siku, zaidi ya tamthilia 30 kwa msimu mmoja. Mazoezi ya pamoja yalikuwa machache mno.

Wapo wanaofanya hivyo leo. Mjini Staunton, katika jimbo la Virginia huko Marekani, kuna ukumbi uliofunguliwa mwaka 2001 kwa mfano wa ukumbi wa ndani wa Blackfriars uliotumiwa na kundi la Shakespeare. Taa huwaka kwa watazamaji na waigizaji kwa pamoja, na ipo misimu ambayo waigizaji wamejiandaa wenyewe bila mwongozaji. Nako London, tangu mwaka 2014, kando ya Globe kuna ukumbi mdogo unaomulikwa kwa mishumaa ya nta ya nyuki. Enzi za kale maigizo katika kumbi za ndani yalisimamishwa kati ya tendo na tendo ili tambi za mishumaa zikatwe.

Wanawake hawakuruhusiwa kuigiza katika kumbi za enzi zile. Wavulana ndio waliovaa magauni, hadi mwaka 1660. Radi ilikuwa tufe la chuma likibingirishwa juu ya dari. Damu ilikuwa damu: karatasi ya maelekezo ya igizo moja kuhusu vita vya Morocco vya mwaka 1578 inaagiza chupa tatu za damu na matumbo ya kondoo, yaani ini, moyo na mapafu.

Ubishi kuhusu kuigiza kwa namna ya kale haujaisha. Mwaka 2016 Globe ilipata mkurugenzi mpya wa sanaa, Emma Rice, aliyeleta taa za kisasa na vipaza sauti. Watu walijaa, lakini Oktoba mwaka huo huo bodi ilitangaza kwamba angeondoka. Kwangu mimi bodi ilikuwa na hoja. Kumbi zenye taa na giza zimejaa kote. Mahali ambapo mwigizaji na mtazamaji wanatazamana machoni ni pachache.

Je, wajua kwamba hata igizo la Juliasi Kaizari liliisha kwa ngoma? Mwezi Septemba 1599 msafiri kutoka Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto saa nane mchana akaingia katika nyumba iliyoezekwa nyasi, akaona igizo la kifo cha Kaizari lililochezwa na watu kama 15. Mauaji yalipokwisha, wawili waliovaa kiume na wawili waliovaa kike wakatokea wakacheza. Globe ya leo imeurudisha mtindo huo, hata baada ya maigizo ya msiba.

Igizo hilo la Kaizari ndilo Mwalimu Nyerere alilolitafsiri na kulichapisha mwaka 1963, akafuatisha na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. S. S. Mushi naye alitupa Makbeth na Tufani. Zamani zaidi, mwaka 1867, Edward Steere alichapa Unguja hadithi za Shakespeare kwa Kiswahili. Alikuwa wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, ile ile iliyokuja kufika Liuli kwenye ziwa letu la Nyasa. Vitabu vipo. Shule yoyote ya Namswea yenye uwanja na jua la saa nane inaweza kuanza kesho: nakala moja ya Mwalimu, mkasi, gundi, na kila mwanafunzi apewe kunjo lake lenye maneno yake tu. Wacheza mganda waalikwe wafunge igizo.