Vitufe vya Sauti: Tuvichague Vipi?

Wengi wenu mmekwisha kuingia katika chumba chetu cha kompyuta, nanyi mwajua ya kuwa mtu aweza kufanya kazi kwa kubonyeza vitufe tu, bila kushika kipanya. Ukibonyeza Ctrl pamoja na S, kazi yako yahifadhiwa. Ukibonyeza Ctrl pamoja na P, yachapwa. Hizo huitwa njia za mkato. Leo napenda kuwaeleza habari za njia za mkato za sauti, yaani vitufe vya kuipandisha, kuishusha, kuisimamisha na kuinyamazisha. Huenda mtu akasema, "Jambo dogo hilo!" Nami nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipomkosea mwenzangu.

Muhula uliopita mimi na wenzangu wawili tuliandika programu ndogo ya kusikilizia masomo yaliyorekodiwa. Tulichagua herufi M iwe ya kunyamazisha sauti, maana ndivyo ilivyo katika VLC na YouTube, kwa kuwa neno la Kiingereza la kunyamazisha huanza na herufi hiyo. Tena tuliifanya programu isikilize kibodi wakati wote, hata mtu akiwa katika kazi nyingine, na kuzima sauti ya mashine nzima. Tulijiona mafundi kweli kweli.

Basi yupo mwenzetu asiyeona. Yeye hutumia NVDA, programu isomayo kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo. Programu hiyo ilianzwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, nayo hutolewa bure. Siku moja mwenzetu aliketi kumwandikia barua mama yake aliyeko ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo. Akaanza: "Mama mpendwa". Kwa M ya kwanza sauti ikazimika. Kwa ya pili ikarudi. Kwa ya tatu ikazimika tena. Akadhani mashine imeharibika. Akaacha kuandika, akaketi kimya mpaka kengele ikalia, nasi tulikuwamo chumbani mle mle tukicheka na kazi zetu. Tulipogundua kosa letu tulimwomba radhi. Akatujibu kwa upole, "Ndugu zangu, kwenu sauti ni starehe, kwangu ndiyo macho."

Tangu siku ile tulianza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, herufi moja peke yake si njia njema ya mkato mahali ambapo watu huandika. Kiswahili chetu kimejaa M: mtu, mti, mvuvi, mwalimu. Shirika la W3C, ambalo huandika kanuni za kurasa za intaneti, mwaka 2018 lilitoa kanuni juu ya jambo hili. Kama njia ya mkato ni herufi moja tu, mtumiaji hana budi kupewa uwezo wa kuizima au kuibadili. Ama sivyo, ifanye kazi pale tu sehemu inayohusika imechaguliwa.

Pili, tusinyang'anye vitufe vya wengine. Mvuvi mwema hatupi wavu wake juu ya wavu wa mwenzake. Katika NVDA, kitufe cha Ctrl kikibonyezwa peke yake hukatiza msomaji, na Shift humsimamisha kidogo kisha humwendesha tena. Ctrl na Alt pamoja na N huiwasha programu yenyewe. Sasa fikiri: kama programu yetu ingetwaa vitufe hivyo vitatu kwa kazi yake, asiyeona angewezaje kuirudisha sauti yake ikipotea?

Tatu, kibodi si za namna moja. Hapa Nchelenge twapata mashine za mpangilio wa Kiingereza, na wenzetu waliotoka Kongo wamezoea ule wa Kifaransa. Katika kibodi zetu M iko mstari wa chini karibu na N. Katika zao iko mstari wa kati, kuume kwa L. Tarakimu nazo kwao huhitaji Shift. Tena katika Windows, kubonyeza Ctrl na Alt pamoja ni sawa na kubonyeza kitufe cha AltGr, ambacho wao hukitumia kuandika alama kama @. Ukizitwaa njia hizo kwa sauti, waweza kumzuia mtu asiandike anwani yake.

Nne, chagua kitufe ambacho mkono utakikumbuka. Mshale wa juu upandishe sauti, wa chini uishushe, na kitufe kirefu cha nafasi kisimamishe. VLC, iliyoanzwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996, hutumia Ctrl pamoja na mishale hiyo kwa sauti.

Tano, programu itawale sauti yake yenyewe, si ya mashine nzima. Kanuni za W3C za mwaka 2008 zasema ya kuwa sauti ijianzishayo na kudumu zaidi ya sekunde 3 lazima iwe na njia ya kuisimamisha, au ya kuipunguza bila kugusa sauti ya kompyuta nzima. Sababu ni wazi: asiyeona akiipunguza sauti ya mashine yote, na msomaji wake pia hasikiki.

Basi tukaitengeneza upya programu yetu. Sasa kunyamazisha ni F8, kitufe kilicho mahali pamoja katika kibodi zote mbili, nacho hufanya kazi pale tu programu iko mbele. Kisha tukampa mwenzetu aijaribu. Mara akatuonyesha kosa jingine: sauti ilipozimwa, tulichora picha ya spika iliyokatwa mstari, wala hatukumwambia yeye neno lolote. Siku hizi NVDA humtamkia, "Somo limenyamazishwa."

Ndugu wasomaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tulikuwa na mtu wa kumwuliza chumbani mwetu tangu siku ya kwanza, tusimwulize. Ninyi mtakaoandika programu baada yetu, anzeni kwake. Barua ile ilimalizika juma lililofuata, ikavushwa ziwa.